Umeinua pikapu ukafunga matairi makubwa? Hivi ndivyo unavyorudisha nguvu ya breki

Gari ikishainuliwa ikavalishwa matairi ya inchi 33, 35 au 37, akili yote ya mwenye gari inakuwa kwenye springi, shokamzoba, fenda zisikwaruze, taa, winchi, alafu breki zinabaki zile zile zilizotoka kiwandani kwa ajili ya gari fupi, nyepesi, yenye tairi ndogo. Siku za mwanzo unahisi kabisa kwamba unakanyaga zaidi ya ulivyozoea, baadaye mguu unazoea na huhisi tena, na hapo ndo hatari ilipo maana mguu umezoea lakini umbali wa kusimama haujarudi kuwa mfupi. Nitaeleza namna ya kuzirudisha hizo breki kwa mpangilio ninaoamini ndio sahihi, yaani kuanzia vitu vya gharama ndogo ambavyo watu wanaviruka mpaka kufika kwenye kalipa kubwa (kalipa ni kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski), ambazo wengi hawatazihitaji wakishamaliza hivi vya mwanzo.

Tairi kubwa inaifanya nini breki

Breki inashikia karibu na katikati ya gurudumu, barabara inashikia ukingoni kwenye tairi. Ukiongeza kipenyo cha tairi ni kama umempa mtu spana ndefu zaidi ya kulegezea nati ile ile, barabara inapata nguvu zaidi ya kuzungusha gurudumu wakati breki yako iko pale pale na diski ile ile. Hesabu yake iko wazi, tairi ya 265/70R17 ina kipenyo cha milimita 803 hivi, yaani kama inchi 31.6, sasa ukipanda mpaka inchi 35 kamili, kwa mguu ule ule na presha ile ile, nguvu ya kusimamisha inayofika barabarani inashuka karibu asilimia 10. Ukienda 37 inashuka karibu asilimia 15.

Hapo uzito bado hatujaugusa. Tairi ya matope ya inchi 35 inaweza kuizidi ile ya kiwandani kwa kilo 10 na zaidi, kila moja, na uzito huo umekaa pembeni kabisa mbali na ekseli ambapo ndo pabaya zaidi, kwa sababu kitu kinachozunguka breki inakibeba mara mbili, inakizuia kisiende mbele na inakizuia kisizunguke. Ongeza bampa la chuma, winchi, keria ya juu, spea kubwa, mizigo ya safari, na hiyo gari si ile iliyopimwa kiwandani.

Alafu kuna spidomita, na hili watu wanalisahau sana. Kama umetoka 31.6 kwenda 35 na hujaiseti upya, ikisoma 100 wewe unaenda karibu 110 au kidogo juu yake, na nishati ambayo breki inatakiwa iigeuze kuwa joto inapanda kwa mraba wa spidi, kwa hiyo hapo peke yake umeongeza kazi ya breki kwa zaidi ya asilimia 20 bila kujua. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa kabla hujashika spana ni kuseti ukubwa wa tairi kwenye kompyuta ya gari kama gari yako inaruhusu, au angalau ulinganishe spidomita na GPS ya simu ujue tofauti ni ngapi. Kuseti huko kunazisaidia pia ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki) na mfumo wa kuzuia gari isiteleze, ambazo zinategemea kusoma mzunguko wa magurudumu, na ndo maana matairi yote manne lazima yawe saizi moja.

Kuinua nako kuna lake. Kitovu cha uzito kikipanda, ukikanyaga breki uzito mwingi zaidi unahamia mbele, pua inainama, nyuma inakuwa nyepesi. Breki za mbele zinabeba mzigo mkubwa kuliko mwanzo na tairi za nyuma zinapoteza mshiko mapema. Shokamzoba zilizochoka au zilizo fupi kwa springi mpya zinalizidisha hili, tairi inadunda na tairi inayodunda haisimamishi kitu.

Usinunue kitu kabla ya kuisikiliza pedeli

Nenda sehemu pana isiyo na watu wala magari, lami kavu, anza na spidi ndogo kama 40, kanyaga kwa nguvu, rudia kwenye 60. Uliza mguu wako nini kinatokea, maana "breki hazishiki" ni neno moja lenye magonjwa kadhaa ndani yake na kila ugonjwa una dawa yake.

Kama pedeli iko juu, ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote lakini gari inaenda tu na ABS haijitokezi, basi ni upungufu wa nguvu, ama ile spana ndefu niliyoieleza, ama pedi zimeungua juu zikawa na uso wa kioo, ama busta, kile kifaa kinachotumia vakyumu kuusaidia mguu, haisaidii. Busta pima hivi: zima injini, pampu pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilie imekanyagwa, washa injini. Pedeli inatakiwa ishuke kidogo yenyewe. Isiposhuka tafuta paipu ya vakyumu iliyopasuka, valvu yake ya kuzuia upepo usirudi, pampu ya vakyumu kwenye dizeli, au busta lenyewe.

Kama pedeli ni laini kama inakanyaga sponji, hiyo ni hewa, au hozi za mpira zilizozeeka zinatanuka. Kama inaenda chini sana lakini ukipampu mara mbili inapanda, angalia drami za nyuma, karibu kila mara shuu, yaani zile pedi za ndani zinazosukumwa nje, ziko mbali na drami. Na kama ukiishikilia inazama taratibu mpaka chini, masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedeli) inapitisha kwa ndani au kuna mahali panavuja, hiyo gari isitembee mpaka ipone.

Kama mara ya kwanza inashika vizuri, ya pili vizuri, kwenye mteremko mrefu inaisha, hilo ni joto. Na hapa tofautisha: pedeli ikibaki ngumu lakini gari haisimami, pedi ndo zimezidiwa na joto, pedeli ikiwa laini ghafla mafuta ya breki yamechemka na kutoa mvuke ndani ya paipu. Ya pili inatisha zaidi maana inakuja bila taarifa.

Alafu kuna hali ya nne ambayo inamwokolea mtu hela nyingi. Kama kwenye lami kavu ukikanyaga ABS inaanza kutetemesha mguu haraka, au kwenye gari isiyo na ABS tairi zinafunga, breki zako zina nguvu ya kutosha, kinachokosekana ni mshiko wa tairi. Tairi za matope zenye vitalu vikubwa zinagusa lami kwa eneo dogo na nyingi zinashika vibaya kwenye lami yenye maji. Hapo kalipa kubwa haitakupunguzia hata mita moja kwenye kusimama mara moja, itakusaidia kwenye kuvumilia joto tu.

Rudisha breki za zamani kwenye hali yake kwanza

Hii sehemu haina mvuto lakini ndo yenye matokeo. Gari ya matopeni na mchanga inachakaza breki kimya kimya.

Piga jeki, weka stendi, usifanye kazi chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hasa gari iliyoinuliwa hivi. Toa magurudumu. Kalipa zinazoteleza kwenye pini, toa pini, zisafishe, paka grisi ya silikoni au grisi maalum ya pini za breki (grisi ya beringi inavimbisha raba), badilisha raba zilizopasuka. Angalia pedi ya ndani na ya nje, kama moja imeisha sana kuliko mwenzake kalipa inakwama, na kalipa inayokwama ni breki nusu. Wakati unafanya hivyo kalipa usiiache ining'inie kwa hozi, ifunge kwa waya kwenye springi.

Drami za nyuma ndo zinasahaulika kuliko vyote. Ile nati ya nyota inayojirekebisha yenyewe ikijaa tope inaganda, shuu zinaisha, pedeli inashuka, na mbele inabaki inafanya kazi peke yake. Fungua drami, safisha kwa dawa ya kusafishia breki, usipulize vumbi lile kwa upepo maana si la kuvuta puani, angalia kama silinda ya gurudumu inavuja au oili ya difu imetoka kwenye sili ya ekseli ikalowesha shuu, shuu iliyolowa oili haisafishiki, badilisha, na ubadilishe pande zote mbili. Rudishia drami, zungusha nyota kidogo kidogo mpaka ukizungusha gurudumu kwa mkono usikie shuu inagusa kwa mbali, kanyaga pedeli ijiweke katikati, zungusha tena uone. Malizia na kurekebisha handibreki, kwa mpangilio huo, sio kuanza na handibreki.

Hozi. Gari ikiinuliwa ekseli inashuka mbali na chasisi na hozi za kiwandani zinaweza kubaki fupi. Njia ya uhakika ya kupima ni kuiacha ekseli ining'inie mpaka mwisho wake, kata usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, angalia kama kuna hozi inayovutika au kugusa tairi, na waya za sensa za ABS vile vile. Kama inavutika weka hozi ndefu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo na zenye alama ya DOT au kiwango kinacholingana nacho. Zile zilizofumwa waya wa chuma nje hazitanuki sana na pedeli inakuwa thabiti, lakini nazo zinataka kukaguliwa, mchanga ukiingia kwenye ufumaji unaanza kusaga. Washa za shaba kwenye bolti ya hozi weka mpya kila unapofungua.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani na unyevu unashusha kiwango cha kuchemka. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205, ikishavuta maji inakubalika hata nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwa gari nzito yenye tairi kubwa mimi siweki chini ya DOT 4, na nayabadilisha kila miaka miwili hata kama bado yanaonekana safi. Jihadhari na DOT 5 tupu, ile isiyo na nukta moja (.1) mbele yake, hiyo ni silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine na haitakiwi kwenye mifumo ya ABS ya kawaida.

Kutoa hewa: nyonya mafuta ya zamani kwenye kikombe kilicho juu ya masta silinda, jaza mapya kutoka kwenye chupa ambayo ilikuwa imefungwa. Kwa kawaida unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda ukija karibu, lakini soma kitabu cha gari maana zipo zenye mpangilio tofauti, na nyingine zenye ABS zinahitaji mashine ya kompyuta kufungua valvu zake. Weka mpira unaoonyesha ndani kwenye nipeli ya kutolea hewa, uzame kwenye chupa, mwenzako akanyage taratibu, fungua, funga kabla hajaachia, rudia mpaka yatoke masafi bila mapovu. Kikombe kisikauke hata mara moja, kikikauka unaanza upya. Na kwenye gari ya zamani weka kipande cha mbao chini ya pedeli isifike sakafuni, kwa sababu raba za ndani ya masta silinda zikipelekwa kwenye sehemu ambayo haijawahi kupitiwa yenye kutu zinachanika, unatoka na ugonjwa ambao hukuja nao.

Valvu ya mzigo ya nyuma

Pikapu na gari nyingi za ekseli nzima, Toyota za zamani zikiwemo, zina valvu kwenye chasisi yenye fimbo inayoshuka mpaka ekseli ya nyuma. Kazi yake ni kupima mzigo: gari ikiwa tupu nyuma inakaa juu, valvu inapunguza presha ya breki za nyuma, ikibebeshwa inashuka, presha inaongezeka. Sasa wewe umeiinua gari inchi mbili, tatu, valvu inaamini gari iko tupu siku zote, hata ukiwa umejaza mizigo. Breki za nyuma zinalala na za mbele zinachemka.

Dawa ni kuinua sehemu ambayo fimbo imefungwa kwenye ekseli kwa kiasi kile kile ulichoinua gari, kwa breketi maalum, au kurekebisha fimbo kama ina nafasi ya kurekebishwa, ili fimbo irudi kwenye pembe yake ya mwanzo. Usizidishe, na usiitoe valvu ukaunganisha paipu moja kwa moja. Nyuma ikifunga kabla ya mbele gari inageuka, na gari iliyoinuliwa ikigeuka upande kwenye spidi inapinduka. Baada ya kurekebisha rudi kwenye sehemu pana, jaribu, gari ikiwa tupu na kwenye ardhi ya kuteleza kwa spidi ndogo, mbele ndo inatakiwa ifunge kwanza.

Pedi na diski

Breki ikishakuwa nzima, pedi ndo mabadiliko ya kwanza ya kununua. Pedi nyingi zina herufi mbili zilizochapwa ubavuni au mgongoni mwishoni mwa namba zake, kama EE, FF, GF. Ya kwanza ni msuguano pedi ikiwa ya baridi, ya pili ikiwa ya moto. E ni kuanzia 0.25 mpaka 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na EE akiweka FF anaweza kurudisha yote aliyopoteza kwenye tairi ya inchi 35, bila kugusa kalipa. Herufi ya pili iangalie zaidi, usikubali pedi inayoshuka ikipata moto. Kwa gari nzito nachagua zenye chembe za chuma kuliko za seramiki, zinapiga kelele kidogo na vumbi lake ni jingi, lakini zinavumilia joto na matope.

Diski soma unene wa mwisho uliochapwa kwenye kitovu au ukingo wake, ikiwa chini ya hapo haichongwi, inatupwa. Ukinunua mpya chukua ya matundu ya hewa katikati yenye uzito kamili. Zenye mikwaruzo ya kuchongwa usoni ziko sawa, zinafuta tope na vumbi la pedi, ila zile zilizotobolewa matundu mimi sizipendi kwa gari ya aina hii, chini ya joto kali nyufa zinaanzia kwenye matundu. Osha mafuta ya kiwandani kwenye diski mpya kabla ya kufunga.

Alafu zizoeshe na diski. Watu wanafunga pedi mpya wanaenda zao halafu wanalalamika. Kimbiza gari mpaka 60 hivi, shika breki kwa nguvu ya wastani mpaka 10 bila kusimama kabisa, rudia mara nane mpaka kumi, alafu endesha taratibu bila kugusa breki mpaka zipoe. Usisimame ukashikilia pedeli zikiwa za moto, pedi inaacha alama yake kwenye diski na baadaye unasikia mtetemo.

Ukifika kwenye kalipa kubwa

Tairi 37, mzigo wa kudumu, kuvuta trela, milima, hapo ndo diski na kalipa kubwa zina maana. Diski pana inairudishia breki urefu wa mkono iliopoteza, tairi ikikua asilimia 10 na sehemu ya diski inayoshikwa na pedi ikasogea nje asilimia 10 umerudi pale pale, na chuma kilichoongezeka kinabeba joto zaidi. Tafuta kwanza kwenye gari kubwa zaidi za kampuni ile ile. Mfano unaojulikana sana ni Toyota 4Runner za 1996 mpaka 2002, wenye gari hizo hufunga diski na kalipa zenye chapa 13WL za pikapu ya Toyota Tundra ya toleo la kwanza. Pima rimu kabla ya kununua, kalipa kubwa mara nyingi haitoshi kwenye rimu ndogo.

Pistoni kubwa za kalipa zinakunywa mafuta zaidi, pedeli inakuwa ndefu. Wengi wanakimbilia masta silinda kubwa, na hapa nataka uelewe unachobadilishana. Ukitoka pistoni ya inchi 15/16 kwenda inchi 1 eneo linaongezeka karibu asilimia 14, pedeli inakuwa fupi, lakini kwa mguu ule ule presha inashuka karibu asilimia 12, yaani umerudisha sehemu ya ulichonunua. Kama unabadilisha masta silinda fikiria na busta la ngozi mbili, au linalosukumwa na pampu ya usukani kama injini yako vakyumu ni dhaifu. Na ukibadilisha drami za nyuma kuwa diski hakikisha handibreki inabaki, na uwiano wa mbele na nyuma unajaribiwa upya.

Difu na gia nazo ni breki

Tairi kubwa inarefusha gia zako zote, injini inashindwa kuizuia gari kwenye mteremko na kazi yote inahamia kwenye pedi. Difu ya uwiano wa 4.10 ikiwa na tairi ya inchi 35 badala ya 31.6 inafanya kazi kama 3.70, ukiweka 4.56 umerudi karibu na mwanzo, kwenye kupanda na kwenye kushuka. Kama hujabadilisha, shuka mlima na gia moja chini ya uliyozoea, ichague kabla mteremko haujaanza. Ukitoka 100 kwenda 80 nishati ya kuondoa inapungua kwa asilimia 36, hakuna pedi inayokupa hiyo.

Kama ukikanyaga gari inavuta upande mmoja, usikimbilie kalipa peke yake. Kwenye ekseli nzima ya mbele, kuinua bila kurekebisha fimbo ya usukani na ile fimbo ya kuzuia ekseli isihame kunafanya usukani ujikate wenyewe pua inapoinama, pembe za fimbo hizo mbili zinatakiwa zilingane.

Ukimaliza kazi yote, injini ikiwa inawaka kanyaga pedeli kwa nguvu uishikilie, mwenzako apite na tochi kila kiungo aangalie kama kuna unyevu. Tembea polepole, rudi, kaza nati za magurudumu kwa toki renchi, na baada ya kilomita 100 hivi rudia kuangalia nati, hozi usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, na kiwango cha mafuta kwenye kikombe.